Walinichangia Unga kwa Sababu ya Baiskeli

Nimewahi kupewa sadaka ya maskini nikiwa na depo imejaa simenti.

Sitanii. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka leo haijaisha yote.

Ilikuwa Ijumaa jioni, jua bado liko juu ya mabati. Nimetoka kuendesha baiskeli, jasho limenilowesha mpaka soksi. Nafungua geti la nyumbani kwangu, hapa Mangobo, nakuta uani watu wamejaa kwenye viti vya plastiki. Wamenyamaza kimya. Ukimya wa msibani kabisa.

Katikati yao kuna gunia la mchele, beseni la unga wa muhogo, na bidoni ya mafuta ya mawese.

Nikamtazama mke wangu, Asha. Akainamisha kichwa.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Akasimama jirani yangu Désiré. Huyu ni mtu wa kanisa, mpole, ana ile sauti ya kuombea wagonjwa. Akavua kofia.

"Papa Moha, hakuna mutu amekufa. Bon, sisi batu ya avenue, majirani yako, tumeona. Tukasema, mwanaume akianguka, haiko muzuri kumucheka. Pokea hii kidogo. Mungu atakusimamisha tena."

"Nimeanguka wapi mimi?"

Wakaangaliana. Halafu macho yote yakahamia kwenye baiskeli niliyoishika mkononi.

Hapo nikaelewa. Wallahi, nilitamani ardhi iwameze wao, si mimi.

Kwa ninyi msiojua mji wetu wa Kisangani, ngoja niwaeleze, la sivyo mtadhani watu wa Mangobo wana wazimu.

Zamani, miaka ya vita, petroli ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi, mji huu ulikuwa unakwenda kwa baiskeli. Unafunga kiti cha sponji nyuma, unabeba abiria. Tuliita toleka. Mimi nilikuwa mtu wa toleka. Nimebeba wagonjwa, nimebeba mabibi harusi, nimebeba mbuzi, na makreti ya bia pia nimebeba, Mungu anisamehe. Kwa miguu hii nilitoa mahari ya Asha, nikajenga, nikafungua depo ya vifaa vya ujenzi.

Kisha zikaja pikipiki, na kila aliyejiweza akaachana na baiskeli.

Hapa kwetu mtu hupanda tu. Anatoka miguu, anaenda baiskeli. Anatoka baiskeli, anaenda moto, ndiyo pikipiki. Anatoka moto, anaenda gari. Hakuna anayeshuka kwa kupenda. Ukionekana umeshuka, watu hawana haja ya kukuuliza, wameshajua umefilisika.

Na mimi, mwenye gari, mwenye mvi, nilikuwa napita mjini kila asubuhi na kila jioni juu ya toleka yangu ya zamani, kiti cha sponji bado kiko nyuma.

Sasa mtaniuliza, Papa Moha, kichaa gani hicho?

Jibu linaitwa Rashidi.

Yaya Rashidi ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Alikuwa anauza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni, ana sauti ya kuita soko zima. Mwili mkubwa, tumbo mbele, watu wanamsifia kwamba maisha yamemkubali. Asubuhi moja akaanguka kwenye meza yake, katikati ya samaki. Alipoamka, upande mmoja wa mwili haukuwa wake tena.

Leo analishwa kwa kijiko. Akitaka kusema neno, neno linakataa, na yeye analia. Mzee mzima analia kwa sababu ameshindwa kuomba maji.

Na familia ilifanya nini? Ilitafuta mchawi. Wakamsingizia binamu yetu mmoja mpaka akahama mtaa. Hakuna aliyetamka neno tension, yaani shinikizo la damu. Hapa kwetu ukisema una tension, watu wanasikia kitu kingine kabisa: kwamba umelogwa, kwamba damu ya ukoo ni mbovu, kwamba binti zako wasiolewe. Kwa hiyo kila mtu anaficha.

Mimi nilikwenda kupimwa kwa bahati tu. Msikitini, nikiwa kwenye sijda, nilishindwa kuinuka. Jirani yangu kwenye safu akanivuta kwa kwapa. Niliona nyota, na si nyota za mbinguni.

Kwenye kituo cha afya nikamkuta muuguzi anaitwa Mama Pélagie. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu. Akatazama. Akahamia mkono wa pili, akapampu tena.

"Papa, ulikuja hapa na nini?"

"Na gari."

"Kutoka wapi?"

"Kwangu. Pale nyuma ya soko."

"Pale-pale tu? Na gari?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Donc sikia. Ile yaya yako hakulogwa. Alikuwa na hii. Na wewe iko juu sana. Dawa utameza kila siku. Chumvi na mafuta utapunguza. Na ule mwili, utausukuma kila siku mpaka moyo ufanye kazi. Moyo iko musuli, Papa. Musuli ya mutu anakaa tu inakuwa muvivu."

"Na nikikataa?"

"Yaya yako, nani anamulisha?"

Niliogopa. Naandika hivyo na sioni haya.

Kesho yake nikaanza kutembea. Jamani, jaribuni kutembea Mangobo mkiwa watu wa kujulikana! Kila moto inasimama. "Papa Moha, panda!" Nakataa, mwenye moto ananuna, anadhani namdharau. Mbele kidogo gari inasimama. "Papa, kuna nini, gari limekufa?" Nikikataa lifti ya mtu mzima mwenzangu, hilo ni tusi. Nikawa napelekwa mpaka mwisho wa safari ambayo haikuwa na mwisho. Siku ile nilitembea hatua chache kuliko siku ninazokaa dukani.

Ndipo nikaishusha baiskeli ukutani. Juu ya baiskeli hakuna anayekupa lifti.

Siku ya kwanza nilifika njia panda, nikashuka, nikatapika. Nilirudi naisukuma. Asha alinikandia miguu kwa maji ya moto huku anacheka mpaka anakaukiwa.

Lakini nilitoka tena. Na tena. Mvua ya Boyoma, ndio mji wetu huu wa Kisangani, haina adabu. Nilitoka hata hiyo ikinyesha. Polepole pumzi ikarudi. Usingizi uliokuwa umenikimbia ukarudi. Msikitini nikawa nainuka kutoka sijda bila kushikwa kwapa. Na Asha aliyekuwa anacheka, siku moja akaniambia pembeni, "Papa watoto, umeanza kunisumbua kama zamani." Hayo mengine si ya kuandika hapa.

Mama Pélagie akapima, akaita wenzake waje waone namba zilivyoshuka.

Basi turudi uani, kwenye unga.

Nikawaambia wale watu, "Sijafilisika. Hii ni sport."

"Ndiyo, Papa," wakasema kwa upole. "Sport."

Mnaijua ile "ndiyo" ya kumbembeleza mgonjwa? Ndiyo hiyo. Maana kila aliyefilisika ana jina zuri la kuufunika ufukara wake.

"Nendeni depo mkaone simenti!"

"Tunaelewa, Papa Moha. Usikasirike. Sisi iko pamoja."

Ningeweza kusema neno moja tu, tension, wakaelewa. Lakini Asha alikuwa amenisihi nisilitamke mbele za watu, kwa sababu ya binti yetu. Nikameza maneno. Wakaondoka mmoja mmoja wakinipigapiga bega. Unga wakauacha.

Binti yetu anaitwa Aïcha, ndiye kitinda mimba. Alikuwa amechumbiwa na kijana mwema, Ismaël, mtoto wa Papa Idrissa wa Makiso, kule katikati ya mji. Papa Idrissa ni mkubwa katika wakubwa. Ana magazin ya vifaa vya ujenzi, ya jumla. Hata mabati na misumari ninayouza mimi, nachukua kwake. Mwili wake pia ni wa jumla. Akishuka kwenye gari, gari linainuka.

Wiki ile ile ya unga, ujumbe ukaja kutoka kwa mabokilo, wakwe zetu watarajiwa. Hawakuandika, walimtuma shangazi wa kijana. Maneno yalikuwa hivi: ndoa ipo, ila toleka itoke barabarani kwanza. Papa Idrissa hawezi kuunga undugu na mtu anayedhihakiwa njiani.

Asha akaja na sauti laini. "Weka chini tu mpaka harusi. Miezi mitatu."

"Yaya Rashidi alikuwa na miezi mingapi?"

"Moha, usiwe kichwa ngumu!"

"Nitakuwa."

Aïcha akatoka chumbani, macho mekundu. Akasimama mbele yangu, mtoto niliyembeba mgongoni. "Papa, nijibu. Unapenda mimi ao unapenda velo?"

Yeye au baiskeli: swali lile lilinichoma. Nikasimama, nikachukua ufunguo.

"Ingia ndani ya gari."

Nilimpeleka kwa yaya Rashidi, saa ya chakula. Mkwewe alikuwa anamlisha lituma, ile ndizi ya kuponda laini. Kijiko kinaingia, nusu inarudi kidevuni. Yaya alipotuona akajaribu kusema. Likatoka "a... a..." Akaanza kulia.

Aïcha alikuwa hajafika pale muda mrefu. Watoto wetu tunawaficha mambo haya, halafu tunashangaa hawaelewi.

Nikamwambia, palepale mbele ya kaka yangu, maana yeye kusikia anasikia:

"Siku ya ndoa yako nataka niingie kwa miguu yangu. Siku ukizaa, nataka kubeba mutoto na hii mikono mbili. Velo haiko mchezo, na mi sikufilisika. Niko na ile-ile ya yaya. Sasa sema. Niweke chini?"

Aïcha alichukua kijiko kutoka kwa yule dada, akakaa kitini, akamlisha baba yake mkubwa mpaka sahani ikaisha. Alimfuta kidevu kwa liputa yake, kitenge alichojifunga kiunoni.

Kwenye gari, tukirudi, akauliza, "Papa, kesho asubui unatoka saa ngapi? Nikutengenezee chai mbele."

Nililia nikiendesha. Ndiyo, mimi huyu.

Basi nikamtuma shangazi yule yule na jibu langu. "Mwambieni Papa Idrissa, toleka haitoki. Kama ana neno, aje aniambie yeye mwenyewe, uso kwa uso."

Mji mzima ukapata la kusema. Kwenye depo yangu watu walikuja kununua msumari mmoja ili wanione uso.

Jumapili akaja. Magari mawili, wazee watatu wa ukoo, mavazi ya bazin ya kung'aa. Kutoka getini mpaka kwenye kiti ni hatua za kuhesabika, lakini Papa Idrissa alifika pumzi inapiga filimbi. Akakaa, akajifuta uso, akaomba maji. Nilimwangalia vizuri. Rangi ile ya uso nilikuwa naijua.

Majirani nao hawakubaki nyuma. Désiré alikuwa getini, anajifanya anamsalimia dereva.

Papa Idrissa akaanza kwa heshima. "Semeki, sisi hatukuja kugombana. Watoto wanapendana. Mi nimefikiria. Nitakupatia moto mupya, cadeau, kutoka kwa roho yangu. Utaendesha hiyo. Ile velo tuiweke mwisho."

Wazee wakaitikia. Wakaona ukarimu mkubwa. Mimi niliona kofi.

Nikasimama.

"Papa Idrissa, nashukuru. Moto yako baki nayo. Mi nakuambia hivi: panda nyuma."

"Nini?"

"Panda kwa toleka yangu. Nikupeleke mpaka daraja ya Tshopo na kukurudisha hapa. Nikishindwa, velo naitupa ndani ya muto mbele ya macho yako, na sitasema tena neno. Nikiweza, hutaongea tena juu ya velo yangu mpaka kufa."

Hapo uani kukawa soko. Mzee mmoja akapiga fimbo chini. "Haiwezekani! Mukubwa ya Makiso juu ya toleka? Ni matusi!" Asha akaniziba mdomo kwa mkono, nikautoa. Aïcha alikuwa mlangoni, hakusogea.

Papa Idrissa alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atainuka aondoke na ndoa yake. Aliinuka kweli, lakini alikusanya bazin yake magotini.

"Twende," akasema.

Sikutegemea. Nikajiambia: Mohamadi, mdomo wako umekuponza.

Alipokaa kwenye sponji, baiskeli ililalamika mahali pote inapoweza kulalamika. Nikasukuma pedali ya kwanza. Ya pili. Tukayumba, wanawake wakapiga kelele, tukanyooka.

Mngepaswa kuwepo. Mangobo nzima ilitoka nje. Watoto wanakimbia nyuma wanaimba, "Toleka! Toleka!" Wenye moto wanapiga honi. Mama mmoja aliacha maandazi yakaungua. Mimi kichwa chini, mapaja yanawaka moto, mzigo wangu wa jumla nyuma umenishika kiuno kwa mikono miwili.

Sikushuka. Tukavuka kelele, tukatoka kwenye umati, tukaanza mteremko wa kwenda mtoni. Watoto wakatuacha. Upepo ukaanza kutupiga usoni.

Mtu wa toleka anajua siri moja: abiria wa nyuma huongea. Hakuoni uso, humwoni uso, hakuna wa tatu. Zamani nilisikia mambo pale mbele ambayo hata imamu na padri hawakuyasikia.

"Mohamadi," sauti ikaja, ndogo.

"Niko nasikia."

"Mi najua hukufilisika."

Breki nusura nizikamate zote mbili.

"Mabati unauza, iko ya nani?" akaendelea. "Iko yangu. Mufilisi gani anachukua mabati kila wiki na analipa palepale? Batu wanasema vile wanataka. Mi nilijua toka mwanzo."

"Alors, kwa nini? Kwa nini unataka kuvunja ndoa ya watoto?"

Tukaipita kona. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Kila asubui unapita mbele ya magazin yangu. Mama watoto iko dirishani, anasema, angalia Mohamadi, angalia tumbo yake inakwenda wapi. Yeye anaona tumbo tu. Haijui ingine. Docteur alinipima toka mwaka jana. Iko mubaya, Mohamadi. Dawa naficha ndani ya kopo ya maziwa. Akaniambia nitembee. Mi, nitembee na miguu hapa mujini? Batu watasema nini? Nikakaa. Na wewe unapita. Kila siku unapita! Nikasema, huyu akitoka njiani, mi nitapumua."

Nilikasirika jamani. Damu ilinichemka. Machozi yote ya binti yangu, unga wote ule, ni kwa sababu mtu mzima hakutaka kuniona nikifanya alichoambiwa akifanye yeye!

"Kwa hiyo nife mimi, ili wewe ukae vizuri?"

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa hivyo. Nisamehe."

Tulifika darajani, nikageuza. Maji ya Tshopo yalikuwa yanapiga kelele chini yetu, na mbele kulikuwa na mlima ule ule tulioshuka.

Nikafunga breki.

"Shuka."

"Hapa? Kwa nini?"

"Mulima. Sheria ya toleka unaijua. Ulipanda toleka kama sisi wote. Mulima ikifika, abiria anashuka, anatembea."

"Batu wananiona!"

"Waone."

Akatazama juu, akatazama chini. Moto zilikuwa zinapita, vichwa vinageuka. Mmoja alimtambua, akapunguza mwendo, akasema, "Papa Idrissa, panda, nikufikishe!"

Nilisubiri. Kama angepanda ile moto, mambo yote yangeishia pale.

Akatikisa kichwa. "Nenda, mutoto yangu. Mi natembea."

Tukapanda. Hatua kidogo, tunasimama. Sikumharakisha, nilitaka bokilo, sikutaka maiti. Alipumua kwa mdomo, bazin ikamganda mgongoni, kilemba akakivua akakitia mfukoni. Alipozidiwa, alishika kiti cha baiskeli ili imvute juu. Sehemu fulani hapo katikati hasira yangu ilipungua, sijui ilidondoka wapi.

Kwenye tambarare nikampakia tena. Tulipokaribia avenue yangu, akanigonga bega.

"Simama. Nataka kuingia na miguu. Na velo nipe mi nisukume."

Ndivyo tulivyoingia. Mimi mbele, mikono mitupu. Nyuma yangu mkubwa wa Makiso, kichwa wazi, jasho linachuruzika, anasukuma toleka.

Wazee wake wa ukoo wakasimama wote. Halafu yule mama wa maandazi akashika kichwa kwa mikono miwili akapiga yowe:

"Eeeh Mungu yangu! Na Papa Idrissa naye amefilisika!"

Papa Idrissa akasimama katikati ya barabara. Akaegemeza baiskeli kiunoni. Akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Sikufilisika! Niko na tension! Iko toka mwaka jana, na niliificha! Na huyu Mohamadi yuko nayo pia, ndiyo maana anaendesha! Mwenye kucheka, acheke!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenye fimbo aliketi kama aliyekatwa miguu.

Tukasikia sauti ya mama wa maandazi, sasa ndogo kabisa.

"Hata mi iko nayo."

Désiré pale getini akavua kofia. Nilidhani ataomba. Akasema, "Mi pia. Na mama watoto yangu. Hatukumwambia mutu."

Kisha dereva wa Papa Idrissa. Kisha shangazi aliyekuwa analeta ujumbe. Watu wazima walioniletea unga wa kunihurumia, wengine wao walikuwa na ugonjwa wangu mwilini, wamekaa nao kimya, wameshajiandaa kuanguka mmoja mmoja na kumsingizia mchawi.

Ndoa ilifungwa. Niliingia kwa miguu yangu. Yaya Rashidi tulimleta kwa kiti chake, Aïcha akamweka mbele.

Siku hizi asubuhi tunatoka kundi. Wengine baiskeli, wengine footing, mbio za polepole, mama wa maandazi anatembea na liputa yake imefungwa juu ya suruali ya sport ya mwanawe. Dawa tunameza hadharani. Siwadanganyi: Désiré bado namba zake zinapanda na kushuka, na Papa Idrissa bado anagombana na chumvi. Mazoezi si uchawi. Lakini Mama Pélagie anasema tangu tuanze, avenue yetu haijamletea mtu aliyepooza, nami hilo linanitosha.

Wako wanaosema bado. Wanasema tumeingia dini mpya. Wanasema Papa Idrissa nimemlisha dawa. Wanasema wazee hawana haya, kukimbia mbele ya wakwe. Waseme. Tukiwapita tunawasalimia vizuri sana, tena kwa sauti.

Wewe unayesoma hapa umekaa, na kuna neno daktari alikuambia ukalificha: maneno ni ya watu wote, mwili ni wako peke yako. Waachie maneno yao. Wewe chukua mwili wako, utoke nao kesho asubuhi.